Chai ya Msituni Ufini: Mwongozo Kamili wa Kuchuma, Kuvundika na Kuandaa Vinywaji vya Moto

Kwetu Usambara mtu akikohoa, mtoto hutumwa nyuma ya jiko akachume mchaichai. Hapewi kitabu wala maelezo. Mmea anaujua kwa harufu na kwa makali ya jani lake, na akirudi anakuta sufuria inatokota. Nilipohamia Ufini nilikosa jani kama hilo mapema kuliko nilivyokosa ugali. Nilinunua mchaichai mkavu dukani, wa bei mbaya na uliokwisha harufu, huku msitu uko mita mia mbili toka mlangoni kwangu. Robo tatu ya nchi hii ni msitu, na nilipita humo miaka mitatu bila kujua kwamba majirani zangu wana mchaichai wao.

Nimeuandika mwongozo huu kwa Waswahili tunaoishi kaskazini, iwe ni Tampere, Oulu au kijiji kisicho na basi Jumapili. Sheria nitakazozitaja ni za Ufini. Uswidi na Norwei zinafanana nazo kwa mengi, lakini ukiwa huko ziulizie. Majina ya mimea nayaacha kwa Kifini kwa kuwa ndiyo utakayoyaona vitabuni na kuyasikia kwa watu, na kwa mingi jina la kisayansi nitalitaja mara moja ili usikosee.

Mwaka wa kwanza, mmea mmoja

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na mimea kumi. Chagua mmoja, uutazame tangu unapochipua hadi unapokauka, uushike, uunuse, uuone ukiwa na maua na ukiwa hauna. Msimu ujao ongeza wa pili. Mchaichai hukuufahamu kwa picha ya simu, na mimea ya huku haifahamiki hivyo pia. Programu za simu za kutambua mimea nazitumia kuanzia uchunguzi tu. Kabla sijaweka kitu mdomoni, nataka kitabu cha mimea cha nchi hii kikubaliane na macho yangu, pua yangu, na ikiwezekana mtu mzima aliyezaliwa hapa. Mimi nilifundishwa na bibi jirani. Hakuwa na Kiswahili, nami Kifini changu kilikuwa cha wiki mbili, lakini alinikatia jani, akalifikicha, akanisogezea puani. Somo likaisha.

Kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa

Ufini kuna haki ya kila mtu, jokamiehenoikeus. Unaweza kutembea msituni bila kumwomba mwenye msitu, ukachuma matunda ya porini, uyoga, na mimea ya kawaida isiyohifadhiwa kisheria. Hulipi kitu, na hata uraia hauulizwi. Usiingie kwenye ua wa nyumba ya mtu wala shamba lililopandwa.

Wengi wetu hukosea kwenye miti. Chochote kinachotoka kwenye mti ulio hai kina mwenyewe: tawi, gome, utomvu, majani ya koivu (mti wenye gome jeupe), machipukizi ya kuusi (mti wa Krismasi). Kwa hivyo huombwa ruhusa kwanza. Jäkälä, ile kuvumwani ya kijivu inayotanda chini, nayo haichukuliwi bila ruhusa. Majani ya vichaka mimi huyaombea ruhusa pia, maana kuomba hakunigharimu chochote. Misitu mingi ni ya watu binafsi, na ukibisha hodi kwa adabu ukaeleza kwamba unataka kikapu kidogo cha machipukizi ya chai, mara nyingi unakubaliwa na unaonyeshwa na mahali pazuri. Katika hifadhi za taifa, chuma matunda na uyoga tu.

Usichume kando ya barabara kubwa wala kwenye reli, ambako dawa za kuua magugu hupulizwa. Vaa suruali ndefu, ichomeke ndani ya soksi, na ukirudi nyumbani jikague, hasa nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Kupe wa huku, punkki, huambukiza borelia, ugonjwa wa bakteria, na katika maeneo mengine, Åland na sehemu za pwani zikiwemo, hubeba virusi vinavyoshambulia ubongo. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Wekundu ukitanda kwa duara siku zinazofuata, nenda kituo cha afya.

Mimea ya kuogopa

Kuna minne ambayo mtu yeyote anayechuma chai aijue kabla ya kujua ya kunywa.

Suopursu (Rhododendron tomentosum) huota kwenye ardhi ya majimaji. Ina majani membamba yaliyokunja kingo, na chini yake kuna manyoya ya rangi ya kutu. Harufu yake ni kali, ya kuvutia. Ni sumu. Nasisitiza hapa kwa sababu mitandaoni utakuta sifa za chai ya Labrador ya wenyeji wa Kanada. Ile inatokana na ndugu yake, Rhododendron groenlandicum, na hata ile hunywewa nyepesi na kwa kiasi. Maelezo ya Kanada usiyalete kwenye mmea wa Ufini.

Kielo ni ua la taifa la Ufini, vikengele vyeupe vyenye harufu tamu. Mmea wote ni sumu ya moyo, pamoja na matunda yake mekundu ya Agosti na hata maji ya chombo ulimowekwa.

Myrkkykeiso huota kando ya maji na mitaro, na maua yake meupe yamepangika kama mwavuli. Ni miongoni mwa mimea yenye sumu kali kuliko yote Ulaya Kaskazini. Una jamaa kadhaa wanaofanana nao, wengine salama, wengine wanaua. Kanuni yangu ni kwamba ua lenye umbo la mwavuli halichumwi, hata mtu akiniapia.

Wa nne ni marjakuusi (Taxus baccata), ambao hupandwa sana kwenye bustani na kudhaniwa ni kuusi. Nitaeleza namna ya kuitofautisha.

Ukihisi umekunywa kitu kibaya, usisubiri dalili. Myrkytystietokeskus, kituo cha habari za sumu, kinapokea simu saa 24 kwa namba 0800 147 111. Hali ikiwa mbaya, piga 112. Bakiza jani uliloliandaa uwaonyeshe.

Mwisho wa Mei hadi Juni: machipukizi ya kuusi

Kuusi (Picea abies) ndio mti wa Krismasi. Kila mwisho wa majira ya kuchipua, ncha za matawi yake hutoa machipukizi ya kijani kibichi sana, laini kama brashi ya mtoto, yakiwa bado na kikofia cha kahawia kinachopukutika. Yanaitwa kuusenkerkkä. Muda wake ni wiki mbili, pengine tatu. Yakishazidi sentimita tano na kuanza kuchoma vidole, umechelewa.

Kwanza hakikisha ni kuusi. Ng'oa sindano moja ya mwaka jana uivingirishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya kuusi ina pande nne, kwa hivyo inazunguka. Ya marjakuusi ni bapa na laini, haizunguki. Kisha ifikiche: kuusi inanuka utomvu na ndimu, marjakuusi hainuki hivyo. Na usichume kwenye ua wa bustani hata siku moja.

Omba ruhusa, kisha chuma machache kwa kila mti, kwenye matawi ya pembeni tu. Ncha ya juu kabisa usiiguse, maana ndiyo inayoupa mti urefu wake.

Kuandaa ni kazi ndogo. Konzi moja ya machipukizi iweke kwenye birika, mimina nusu lita ya maji yaliyochemka na kutulia dakika mbili, funika, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Usiyachemshe pamoja na maji, yatatoa ukakasi na uchungu wa utomvu. Utapata kinywaji cha rangi hafifu chenye uchachu wa limao na harufu ya mbao mbichi. Asali inakaa vizuri humu kuliko sukari. Yaliyobaki yagandishe kwenye friza, usiyaanike, kwani yakikauka uchachu wote unakwisha.

Vinywaji vya miti ya namna hii vina historia nzito. Katika majira ya baridi ya 1535 na 1536, mabaharia wa Jacques Cartier walikuwa wakifa kwa kiseyeye mahali palipo mji wa Quebec leo. Wenyeji wakawaonyesha kuchemsha majani na gome la mti walioutaja kama annedda, na waliokunywa wakainuka. Wasomi bado wanabishana ulikuwa mti gani, ila wengi wao wanaona ulikuwa wa jamii ya miti ya koni, kama kuusi.

Julai na Agosti: maitohorsma, chai yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana mmea huu ndio ulionirudishia chai ya jioni.

Maitohorsma (Chamaenerion angustifolium) ni ile mimea mirefu yenye mkuki wa maua ya waridi iliyo kwenye kila eneo lililokatwa miti au kuungua. Huota kwa wingi hivi kwamba hakuna atakayekulalamikia. Majani yake yakikaushwa hivihivi yanatoa kinywaji cha kijani kisicho na makuu. Lakini yakivundikwa kwanza yanageuka kuwa kitu kingine: kinywaji cha rangi ya kahawia nyekundu, kizito, chenye utamu wa tunda kavu kwa mbali, na hakina kafeini. Warusi wanakiita Ivan-chai, au chai ya Koporye, kwa jina la kijiji kilichosifika kwa kukitengeneza. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walikichanganya na chai ya China kwa siri, kwa jinsi kinavyofanana nayo.

Aliyekulia karibu na kiwanda cha chai atazitambua hatua zake mara moja, kwa kuwa ni zilezile: kunyausha, kuviringisha, kuvundika, kukausha. Mara ya kwanza nilipofunua bakuli siku ya pili, harufu iliyotoka ilikuwa ya magari ya kiwandani yakipita asubuhi na madirisha yako wazi. Nilisimama nalo mikononi.

Kuutambua: chuma ukiwa umetoa maua, ndipo hutakosea. Shina moja lisilo na matawi, urefu wa kifua cha mtu au zaidi, maua yenye petali nne, ya chini hufunguka kabla ya ya juu. Majani ni membamba na yamelizunguka shina moja baada ya jingine. Ligeuze jani ulitazame kwenye mwanga. Vijimishipa vyake havifiki ukingoni. Kabla ya kufika hujikunja vikaungana, vikafanya mstari wa mawimbi unaofuata ukingo. Mimea michache ina alama hiyo.

Hatua ya 1, kuchuma. Nenda mchana, umande umekwisha. Shika shina chini ya maua kwa mkono mmoja, kwa mwingine teleza kutoka juu kwenda chini hadi katikati, majani yatabaki kiganjani. Maua yaachie nyuki, na majani ya chini yaache kwani ni makavu na machungu. Kilo moja ya majani mabichi hunipa takriban gramu 200 za chai. Usiyaoshe. Yakague tu, toa yenye madoa na wadudu.

Hatua ya 2, kunyausha. Yatandaze kwenye shuka safi ndani ya nyumba, pasipo jua, unene wa vidole vitatu. Yageuze kila baada ya saa chache. Kwa kawaida nayatandaza jioni, na asubuhi yako tayari. Kipimo ni kulikunja jani katikati: uti wake ukilia "tak", bado, ukikunjika kimya, endelea.

Hatua ya 3, kufikicha. Kazi iko hapa. Chukua majani saba au manane, yaviringishe kati ya viganja kwa nguvu, kama unayetengeneza ugoro wa tumbaku, mpaka yawe meusi-meusi, yanate, na viganja viloe maji. Jani lisilotoa maji halitavunda, litakauka likiwa nyasi. Kilo moja humaliza saa nzima, ndiyo maana nafanya na watoto mezani. Mwenye mashine ya kusagia nyama anaweza kuipitisha humo, ila chai itatoka punje-punje.

Hatua ya 4, kuvundika. Jaza bakuli la kioo au la udongo, yakandamize kwa ngumi, funika kwa kitambaa kibichi cha pamba, weka sahani juu. Yakae mahali penye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 25, kwa siku moja hadi mbili. Ni kama kuvundika ndizi: pua ndiyo saa. Mwanzo yananuka majani yaliyofyekwa. Baadaye huja harufu ya maua, kisha ya tunda lililoiva, na ikifika hapo acha kusubiri. Ukisubiri zaidi harufu hufifia, kisha hugeuka uchachu. Mwaka wangu wa kwanza niliyafungia kwenye mfuko wa plastiki siku nne, yakanuka kama malisho ya ng'ombe yaliyochacha na juu yakaota utando mweupe. Niliyatupa yote. Ukungu ukionekana, hata mdogo, usichambue, tupa.

Hatua ya 5, kukausha. Yachambue yaliyogandamana, yatandaze kwenye trei ya oveni juu ya karatasi ya kuokea. Washa nyuzi 80 kwa nusu saa ili kusimamisha uvundikaji, kisha shusha hadi 50, acha mlango wazi upana wa kijiko cha mwiko, na uyageuze. Yatachukua saa tatu hadi tano. Yakikauka yanavunjika kwa mlio.

Hatua ya 6, kutulia. Tia kwenye chupa ya kioo, funga, weka kabatini. Siku mbili za kwanza itazame chupa kwa ndani: ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, rudisha oveni. Ukiweza, iache mwezi mzima kabla ya kunywa, ladha hukomaa.

Kuandaa: kijiko kikubwa kimoja kwa nusu lita ya maji yanayochemka, funika dakika kumi na tano. Majani hayohayo yanakubali maji ya pili. Haiwi chungu hata ukiisahau, tofauti na chai ya rangi. Inapokea iliki na tangawizi kama vile ilizaliwa nazo, na ukiichemsha na maziwa wageni watauliza umeinunua wapi.

Mesiangervo, kwa mkono mwepesi

Katikati ya Julai, mitaro na kingo za mito hujaa povu la maua meupe-maziwa yenye harufu ya asali na lozi. Ni mesiangervo (Filipendula ulmaria). Maua yake hayana umbo la mwavuli, yamevurugika kama povu la sabuni, na shina mara nyingi lina wekundu. Kata vichwa vya maua, vianike kivulini juu ya karatasi siku tatu. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, dakika tano, kinatosha kabisa.

Mkono mwepesi kwa nini? Ua hili lina kemikali za jamii ya aspirini. Jina la aspirini lenyewe, lililoanza kutumika 1899, limetokana na jina la zamani la mmea huu, Spiraea. Kwa hiyo anayedhuriwa na aspirini, mwenye pumu inayochochewa nayo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito na watoto, wote waliache. Mtoto mwenye homa hasa.

Septemba: puolukka ya moto

Puolukka ni vijitunda vyekundu vya mviringo kwenye vichaka vifupi vyenye majani magumu yanayong'aa. Ligeuze jani: chini lina vitone vyeusi vidogo. Kielo lina majani mapana laini mawili-matatu, kwa hiyo ukitazama jani huwezi kuchanganya. Puolukka ina asidi ya benzoiki yake yenyewe, ndiyo maana wazee wa hapa huiponda, wakaijaza maji kwenye mtungi na kuihifadhi sehemu ya baridi hadi majira ya kuchipua bila sukari.

Vikombe viwili vya puolukka vichemshe kwa moto mdogo kwenye lita moja ya maji, pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, mdalasini na iliki tano. Dakika kumi zikipita, ponda kwa mwiko, chuja, kisha tia asali kinywaji kikishapoa kidogo. Kina uchachu wa ukwaju. Wakati wa baridi kali naufanya mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote: nusu puolukka ya moto, nusu maitohorsma iliyokolea.

Nani ajihadhari

Hivi ni vinywaji, si dawa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na yeyote anayemeza dawa kila siku amuulize daktari au mfamasia kabla ya kuvizoea. Mmea mpya unywe kikombe kimoja, kisha subiri kesho yake.

Naulizwa sana kuhusu pakuri, kuvu nyeusi kama mkaa inayoota kwenye koivu na kuuzwa kwa sifa nyingi. Mimi siipendekezi kwa matumizi ya kila siku. Ina oksaleti nyingi, na kuna wagonjwa walioripotiwa kuharibikiwa figo baada ya kuitumia kwa muda mrefu. Tena ni mali ya mwenye mti.

Chupa zote ziandike jina la mmea, mahali na tarehe, siku hiyohiyo unayozijaza. Majani makavu yote yanafanana ifikapo Januari. Zitunze gizani, na zitumie ndani ya mwaka mmoja. Mnamo Julai nyingine, kilichobaki kimwage kwenye bustani na chupa uioshe.